Uzuri wa lori la jeshi usitupofushe

Wahenga walinena kwamba uzuri wa mkakasi, ndani kipande cha mti. Methali hii niliifundisha kwa miaka mingi kabla ya kuilipia karo mwenyewe, tena kwa fedha za wazazi.

Nilikuwa mwanachama wa bodi ya shule moja ya upili iliyohitaji lori la kubebea maji na kuni. Mnadani tuliliona lori la dizeli lililostaafishwa jeshini: rangi yang'aa, matairi mapya, kilomita chache kwenye mita. Tukalinunua papo hapo. Muhula haukwisha kabla ya injini kufunguliwa yote, na gharama ikameza fedha za vitabu vya maktaba.

Kosa letu lilikuwa la usomaji. Katika isimu tunatofautisha alama iliyowekwa na binadamu na dalili inayotokana na kitu chenyewe. Rangi na tarakimu za mita ni alama, nazo zaweza kudanganya. Moshi ni dalili.

Hata mita isiyochezewa haisemi yote. Lori la jeshi huweza kunguruma saa nyingi likiwa limesimama, likichaji betri za redio. Kilomita haziongezeki, lakini injini inalika.

Fundi mmoja mzee alitufunza tulipokwisha kuumia. Kwanza, gusa injini kabla haijawashwa. Ukiikuta na joto, shuku kuna linalofichwa. Injini ya dizeli haina plagi za cheche. Tangu Rudolf Diesel alipofaulu kule Augsburg, Ujerumani, mwaka wa 1897, mafuta yake huwashwa na joto la hewa iliyogandamizwa. Ringi za pistoni zikilika, hewa huvuja, na injini baridi huwaka kwa shida.

Pili, tazama moshi. Mweupe wa muda mfupi asubuhi si neno. Usiokoma huashiria mgandamizo hafifu au maji ndani ya silinda. Wa samawati ni oili inayoungua. Mweusi ni mafuta kuzidi hewa, na pengine dawa yake ni kubadilisha kichujio cha hewa tu.

Tatu, fungua kifuniko cha kutilia oili injini ikinguruma. Moshi ukifoka kwa nguvu, yaelekea ringi zimekwisha. Mwisho, fundi apime mgandamizo wa kila silinda. Zikitofautiana sana, rudi nyumbani na fedha zako.

Vipimo hivi vingetugharimu asubuhi moja tu. Linaloniuma zaidi ni kwamba mwalimu wa fizikia wa shule ile hakuulizwa neno. Siku ya mnada alikuwa darasani, akiwafundisha wanafunzi jinsi hewa inavyopata joto inapogandamizwa. Walimu wenzangu, elimu tunayo shuleni mwetu. Kabla ya kufungua mkoba wa wazazi, tuiulize.