Mlima Unaosogea

Wajukuu zangu, mkimsikia mtu akisema mwamba hausogei, mwambieni hajafika chini ya Sedrun. Sedrun ni kijiji cha Uswisi, katika milima ya Alpi. Chini yake limepita handaki la Gotthard, ambalo ndilo refu kuliko mahandaki yote ya reli duniani: kilomita 57. Treni zilianza kulitumia mwaka 2016, ila uchimbaji wake, jamani, ulikuwa kazi.

Wachimbaji walishushwa kwa lifti ndani ya shimo la wima lenye kina cha mita 800. Walipoelekea kaskazini wakakuta mwamba mbovu, wa matabaka membamba yaliyosimama karibu wima, mengine yamesagika kwa misukosuko ya kale ya ardhi.

Sasa pigeni hesabu ya uzito. Kwenye kina kile, kila mita moja ya mraba imebeba zaidi ya tani 2,000 za mawe. Kabla ya kuchimba, kila tabaka limebanwa na jirani yake, halina pa kwenda. Ukitoboa tundu, umemwondoa jirani. Simamisheni daftari, mlikandamize juu na chini: kurasa zinapinda, zinatokeza ubavuni. Matabaka nayo hufanya hivyo, polepole, siku baada ya siku, na handaki linazidi kuwa jembamba.

Ungedhani dawa ni ukuta mnene wa zege, ujengwe papo hapo. Mlima ungeupasua. Wahandisi waliamua kuuachia mlima usogee, lakini kwa kipimo chao. Walichimba tundu pana kuliko lililohitajika, mahali pengine wakiongeza hadi sentimita 70 kila upande. Uso wa mwamba uliokuwa mbele yao waliushona kwa nondo ndefu ili usiwaporomokee.

Kisha wakasimamisha matao ya chuma, na hapa ndipo ninapowavulia kofia. Ujuzi wenyewe ulitoka kwenye migodi ya makaa ya mawe ya Ujerumani. Kila tao ni vipande kadhaa vilivyopinda, ncha ya kimoja imelalia ncha ya mwenzake, na vibano vimekazwa juu yake. Mlima ukisukuma kidogo, tao linashikilia. Ukizidisha, ncha zinateleza ndani ya vibano na tao linajikunja likiwa zima, huku msuguano ukiendelea kuukinza mwamba. Chuma kigumu kisichoteleza kingejipinda na kuharibika.

Muda wote huo kuta zilikuwa zinapimwa. Kasi ya kusogea ilipopungua, ndipo walipomimina zege la mwisho, kwa sababu zege likishaganda haliwezi tena kuupisha mlima.