Kosa Haliko Palipoonekana: Namna ya Kutafuta Hitilafu Baada ya Kubadili Matoleo ya Programu

Wakati wa mazoezi ya kufundisha, wanachuo wetu hutawanyika katika shule za msingi za Musoma, Bunda na Butiama, nasi wakufunzi huwafuata huko kuwatazama wakifundisha. Kazi yao ya kwanza ni andalio la somo, zana na darasa. Lakini siku hizi wengi wao hupewa kazi ya pili ambayo haimo katika fomu zetu za tathmini. Kwa kuwa ni vijana, walimu wakuu huwaita ofisini ili waitazame kompyuta iliyokataa kufanya kazi. Makala haya yanakusudia kumsaidia mwanachuo anayeitwa hivyo. Hatukusudii kumfanya fundi. Twataka kuonyesha kwamba kazi hiyo ina utaratibu wake, na kwamba utaratibu huo haukosani hata kidogo na ule tunaomfundisha autumie darasani.

1. Jambo lililotukia

Mapema mwaka 2021 tulifika katika shule moja upande wa Bunda. Shule hiyo ilikuwa na programu ndogo ya kujumlisha alama za wanafunzi, kutafuta wastani na kupanga nafasi. Programu hiyo iliandikwa mwaka 2020 kwa lugha ya Python, nayo ilisoma alama kutoka katika jedwali la Excel. Ilikuwa imefanya kazi vizuri muda wote. Kisha kompyuta ya zamani ikaharibika, ikaletwa nyingine, na programu ikawekwa upya pamoja na vyote inavyovihitaji. Ilipoanzishwa haikutoa matokeo. Ilitoa mistari mingi ya Kiingereza, kisha ikanyamaza.

Mkutano wa wazazi ulikuwa umebakiza siku mbili. Mwanachuo wetu aliondoa programu na kuiweka tena mara tatu. Alibadili majina ya mafaili. Alipoona hali haibadiliki, aliketi usiku kucha akajumlisha alama za madarasa mawili kwa mkono na kuzinakili upya. Katika uchovu huo aliruka mstari mmoja, na kuanzia hapo kila mtoto akapewa alama za mwenzake. Hapana kompyuta iliyoligundua kosa hilo. Aliyeligundua ni mwalimu wa darasa, ambaye alitazama karatasi na kusema kwamba mtoto fulani hawezi kamwe kupata 12 katika Hisabati. Laiti mwalimu huyo asingewajua watoto wake, wazazi wangalisomewa matokeo ya watoto wa wenzao.

2. Programu husimama juu ya programu

Ili kufahamu lililotokea, tuitazame mashine ya kusaga. Mwenye mashine hakuunda injini, wala mkanda, wala mawe ya kusagia. Amevikusanya vitu vilivyotengenezwa na wengine, akaviunganisha. Injini ikifa akanunua nyingine iliyo bora kuliko ya kwanza, huenda puli yake ikawa kubwa zaidi na mkanda wa zamani usitoshe. Injini ni nzima, mkanda ni mzima, lakini mtama hausagiki. Ubovu hauko katika kifaa chochote kimoja. Uko katika mapatano baina ya vifaa viwili.

Programu nazo ni hivyo. Mwandishi wa programu ya alama hakuandika mwenyewe namna ya kufungua jedwali la Excel. Alitumia kazi iliyokwisha kufanywa na watu wengine. Kazi ya namna hiyo, iliyofungwa pamoja ili itumiwe na programu nyingine, huitwa maktaba. Programu inayohitaji maktaba huwa inaitegemea, na maktaba hiyo yaweza kutegemea nyingine iliyo chini yake. Huo ndio utegemezi. Kila maktaba hutolewa kwa matoleo yenye nambari, kwa mfano 1.2.0. Kwa desturi ya watunzi wengi, ingawa si wote, nambari ya mwisho ikipanda ni makosa tu yamerekebishwa. Ya kati ikipanda pameongezwa jambo. Na ya kwanza ikipanda yafaa tujihadhari, kwa sababu jambo lililokuwapo huenda limeondolewa.

Neno la mwisho la kukumbuka ni mipangilio, yaani maelezo yanayoiambia kompyuta vitu viko wapi na vitumiweje: folda gani, faili gani, Python ipi kati ya zilizomo. Maktaba zote zaweza kuwa sahihi, na bado kazi ikashindikana kwa sababu mipangilio yaelekeza mahali pasipofaa.

3. Kilichokuwa kimeharibika

Programu ya shule ile ilitumia maktaba iitwayo pandas, nayo pandas ilitumia nyingine, iitwayo xlrd, kusoma jedwali. Aliyeiandika aliacha orodha ya mahitaji. Mbele ya pandas aliandika nambari ya toleo, lakini xlrd aliitaja kwa jina tu. Kwa hiyo ilipowekwa upya, pandas ilikuja ileile ya zamani, na xlrd ikaja mpya kabisa.

Mwezi Desemba 2020 watunzi wa xlrd walikuwa wametoa toleo la 2.0. Katika toleo hilo waliondoa uwezo wa kusoma mafaili ya xlsx, yaani muundo uliokuja na Excel ya 2007, wakabakiza ule wa zamani wa xls peke yake. Hawakukosea; walilitangaza jambo hilo, na palikuwapo maktaba nyingine, openpyxl, ya kufanya kazi iliyoachwa. Lakini pandas ya zamani haikuwa na habari. Iliendelea kumpelekea xlrd faili ambalo xlrd amekwisha kulikataa. Ndiyo sababu mstari wa mwisho kabisa wa ujumbe ulisema hivi:

XLRDError: Excel xlsx file; not supported

Maana yake ni kwamba faili la aina ya xlsx halikubaliwi. Jibu lote lilikuwa katika mstari huo, na mwanachuo wetu hakuusoma. Aliusoma wa kwanza, akaona maneno asiyoyajua, akakata tamaa.

4. Utaratibu wa kufuata

Kwanza, usiguse kitu. Soma ujumbe wa kosa, na katika Python anza kuusoma kutoka chini. Mstari wa mwisho hutaja kosa lenyewe. Ile ya juu huonyesha njia iliyopitiwa mpaka kulifikia. Unakili mstari huo katika daftari neno kwa neno.

Pili, uliza ni nini kilichobadilika. Kitu kilichofanya kazi jana hakiharibiki leo bila sababu. Ili kujua matoleo yaliyomo, andika:

python -m pip list

Linganisha orodha utakayoipata na ile ya kompyuta iliyokuwa ikifanya kazi, kama ipo.

Tatu, badili jambo moja tu, kisha jaribu. Ukibadili matatu kwa pamoja na programu ikapona, hutajua dawa ilikuwa ipi. Na ikizidi kuharibika, hutajua sumu ilikuwa ipi. Katika shule ile zilikuwapo njia mbili. Ya kwanza ni kuirudisha xlrd katika toleo la 1.2.0. Hiyo huondoa dalili, lakini huifunga shule katika kitu ambacho watunzi wake wamekiacha. Ya pili ni kuweka openpyxl na kuiambia programu iitumie. Tulichagua ya pili.

Nne, hakikisha unatengeneza mahali panapotumika. Tulipokwisha kuweka openpyxl, programu iliendelea kusema kwamba haipo! Kumbe kompyuta ilikuwa na Python mbili. Tuliiweka katika moja, na programu ilitumia nyingine. Hilo ndilo kosa la mipangilio, nalo hutokea mara nyingi. Ndiyo maana twashauri kutumia maneno python -m pip badala ya pip peke yake, ili kifurushi kiingie katika Python ileile uliyoiita. Bora zaidi ni kuipa kila programu chumba chake, ambamo maktaba zake hazichanganyiki na za jirani:

python -m venv chumba

Tano, andika ulichokifanya. Wahenga walisema kwamba mali bila daftari hupotea bila habari. Programu ikishapona, hifadhi orodha ya matoleo yote pamoja na nambari zake:

python -m pip freeze > requirements.txt

Shule ile ingekuwa na orodha kamili ya namna hiyo, mkasa wote usingetokea.

5. Makosa yasiyosema

Kosa linalopiga kelele lina nafuu. La hatari ni lile linalonyamaza. Chukua mfano wa kugawanya. Katika Python 2, ambayo matunzo yake yalikoma tarehe 1 Januari 2020, namba nzima ikigawanywa kwa namba nzima ilitoa namba nzima: 7/2 ilitoa 3. Katika Python 3 hutoa 3.5. Sasa wafikirie watoto wawili waliofanya masomo matatu, mmoja akapata jumla ya 124 na mwingine 125. Kwa programu ya zamani wote wana wastani wa 41, nao wamefungana. Kwa mpya mmoja ana 41.33 na mwenzake 41.67, na nafasi zao zimetengana. Hapana ujumbe wowote utakaotokea. Mtoto ataulizwa nyumbani kwa nini ameshuka, naye hana jibu.

Kwa hiyo kila baada ya mabadiliko, wachague watoto watatu, wa juu, wa kati na wa chini, uwakokotolee kwa penseli. Ongeza mmoja ambaye hakufanya jaribio, uone kama programu imemhesabu kuwa hayupo au imempa sifuri. Matokeo yakilingana, bandika karatasi ukutani. Yasipolingana, usiibandike.

6. Pasipokuwa na mtandao

Mwanachuo aliyekuwa shule moja ya Butiama alituuliza atafanyaje ikiwa mtandao haushiki. Jibu ni kupakua kila kitu mjini Musoma na kukibeba katika flashi. Mjini andika:

python -m pip download -r requirements.txt -d vifurushi

Na ukifika shuleni:

python -m pip install --no-index --find-links vifurushi -r requirements.txt

Hapo pana sharti moja. Kompyuta unayopakulia ilingane na ya shuleni kwa toleo la Python na kwa aina ya mfumo. Python 3.9, kwa mfano, haikubali Windows 7 kabisa. Mtu asiyeuliza habari hizo kabla ya safari atarudi mjini na flashi yake, na nauli imekwenda bure.

7. Somo kwa mwalimu

Mtoto wa Darasa la Tatu ametoa 157 katika 402, akaandika 355. Mwalimu mvivu ataweka mkasi na kuendelea. Mwalimu mwenye utaratibu atausoma ujumbe wa kosa. Ataona kwamba 4 toa 1 ni 3, sahihi. Kisha mtoto ametoa 0 katika 5, na 2 katika 7, kila mara akitoa ndogo katika kubwa bila kujali iliyo juu. Mtoto huyu hakukosa kutoa. Hajafahamu thamani ya nafasi, jambo ambalo kutoa kunalitegemea. Ukimpa mazoezi ishirini zaidi ya kutoa, utakuwa kama yule aliyeweka programu upya mara tatu. Rudi chini, kwenye makumi na mamia, tengeneza hapo, kisha mpe tena swali lilelile.

Mwaka 1967, katika Elimu ya Kujitegemea, Mwalimu Nyerere, mzaliwa wa Butiama, alitaka shule zijenge akili yenye kuuliza, inayoweza kujifunza kwa yale waliyoyafanya wengine, ikayakataa au kuyageuza kulingana na mahitaji yake. Kujitegemea huko hakukuwa na maana ya kukataa kazi za wengine. Mwenye mashine hutegemea injini ya kiwandani, na programu hutegemea maktaba za watu wa mbali. Anayejitegemea ni yule anayejua anategemea nini, toleo gani, na kwa masharti gani. Na kinapovunjika aweza kuuliza swali lililo sawa badala ya kukesha akinakili.

Maswali ya kujadiliana

(a) Programu ya shule imeacha kufanya kazi baada ya likizo. Andika maswali manne utakayomwuliza mwalimu mkuu kabla ya kuigusa kompyuta.

(b) Chukua madaftari kumi ya Hisabati ya darasa unalofundisha. Tafuta kosa moja linalojirudia, kisha ueleze ni ujuzi gani wa chini ambao haujashika.

(c) Kwa nini si salama kubandika matokeo ya programu iliyotoka kutengenezwa kabla ya kukokotoa alama za watoto wachache kwa mkono?