DUKA LA VYOMBO LINALOFUNDISHA KUPIKA

Duka la sufuria na majiko mtaani, kama pale Bula Pesa au Kambi Garba mjini Isiolo, haliuzi kwa kupanga vyombo tu. Mama ataangalia, aulize bei, aende zake. Lakini akilipikia jiko kwa mikono yake mwenyewe, faida ataiona. Basi duka liwe pia darasa.

Fundisheni kwa vyombo mnavyouza:

1. Jiko la kauri, lililoenea Kenya tangu miaka ya 1980. Udongo wake hushika joto. Pimeni makaa mbele ya wanafunzi: nusu kilo kwenye jiko la bati, nusu kilo kwenye la kauri. Waone lipi linadumu.

2. Kikapu cha kuivishia. Maharagwe yaliyolowekwa usiku kucha yachemke dakika 30, kisha sufuria ifunikwe vizuri kikapuni saa 4 hivi. Yachemsheni tena kidogo kabla ya kula.

Isiolo tuko Waislamu na Wakristo. Nyama ya darasani iwe halali, ili kila jirani ale.

Hatari kubwa ni deni. Tuseme sufuria mmenunua shilingi 400, mnauza 500. Moja ikikopwa isilipwe, imekula faida ya sufuria 4. Asiye na pesa aweke kidogo kidogo, au angoje mbuzi auzwe. Chombo akichukue akimaliza kulipa. Ada ya darasa inunue unga, mafuta na makaa. Pesa za stoki zisiguswe, hata kwa chai ya mkutano.