NILINUNUA 'SEIKO' MNADANI, FUNDI AKAIFUNUA

Jamani, mnada una pepo wake! Ukiwa nyumbani unajiona mjanja, lakini dalali akishaanza "arobaini hapa, nani hamsini?" mkono unapanda wenyewe. Ndivyo yalivyonikuta hapa Mpanda. Nilikwenda kutafuta jinzi, nikarudi na saa ya mkononi ya shilingi 85,000. Na hela yenyewe, msomaji wangu, ilikuwa ya kodi ya chumba.

Saa ilikuwa bomba, usiseme. Seiko 5, uso wa bluu unaong'aa, mishale ya rangi ya chungwa. Dalali akaigeuza, akatuonyesha mgongoni: 6119, halafu namba nyingine inayoanza na 14. "Hii aliivaa mzee wa reli, orijino Japani!" Na Mpanda ukitaja mzee wa reli utaaminiwa tu, maana njia ya kutoka Kaliua ilifika hapa mwaka 1950 kwa ajili ya machimbo ya risasi, na kila ukoo una babu aliyepitia huko. Vijana wawili pembeni wakawa wananipandishia dau. Jioni nikawaona wanamsaidia dalali kukunja turubai lake. Du!

Kesho yake nikaenda kwa fundi saa.

"Shikamoo mzee."

"Marahaba mwanangu. Umeleta mgonjwa?"

Hakuuliza bei. Alianza na mgongo, na hapo akanifurahisha. Seiko 5 zilianza kutoka mwaka 1963, na hiyo tano ni sifa tano: inajijaza yenyewe mkono ukitembea, siku na tarehe zimo dirisha moja, inastahimili maji, kasha na mkanda wake ni imara, na kifungo cha kurekebishia kimejificha kwenye namba 4. (Kwetu sisi hapo ni saa kumi, lakini Mjapani hakutuuliza.) Tarakimu nne za mwanzo mgongoni ni jina la mashine. Zile namba nyingine, ya kwanza ni mwaka na ya pili ni mwezi. Moja na nne, kwa mashine ya 6119 iliyotumika mwishoni mwa miaka ya sitini na mwanzoni mwa sabini, ni Aprili 1971.

Moyo ukanipaa. Aprili 1971! Nikaanza kupiga hesabu ya faida.

"Ngoja kwanza," akasema mzee, akabana kilenzi jichoni. "Huo ni mfuniko tu. Mfuniko hausemi chungu kina nini."

Akanipa kilenzi nitazame mwenyewe. Chini kabisa ya uso wa Seiko ya zamani huwa kuna maandishi madogo kama miguu ya sisimizi, yakirudia namba ya mashine. Kwangu palikuwa peupe. Herufi zilikuwa nene, zimevimba pembeni, kama za mchora vibao vya duka. Uso ulikuwa umepakwa rangi upya. Zipo nyingi za namna hiyo, na fundi akasema zake nyingi amezipata zikitokea Mumbai.

Akaufungua mgongo. Usoni pameandikwa vito 21. Ndani, kwenye lile bapa linalozunguka, pamechongwa 7009 na vito 17. Ni mashine ya Seiko kweli, tena ngumu, lakini ni ya kizazi cha baadaye. Kwa hiyo nilinunua mfuniko wa saa moja, tumbo la saa nyingine na sura ya kiwandani kwa mtu.

Kinachoniuma ni kwamba pale mnadani, kwenye turubai lile lile, palikuwa na Seiko nyingine. Kioo kimechubuka, uso umefifia hadi kahawia, nikaipita kama sijaiona. Mzee akatikisa kichwa. Kumbe kwa wanaozijua saa, uso uliozeeka wenyewe ndio fedha. Oktoba 2017, huko New York, Rolex ya mcheza sinema Paul Newman iliuzwa kwenye mnada wa Phillips kwa zaidi ya dola milioni 17. Ilikuwa saa iliyovaliwa hasa, na mgongoni mkewe alikuwa amemchongea maneno ya kumsihi aendeshe gari kwa uangalifu. Huko nako mgongo ulileta pesa, ila tumbo na sura vilikuwa vya saa ile ile.

Nikauliza yangu inafikia ngapi.

"Yote, elfu ishirini, ukimpata mwenye haraka kama wewe. Mfuniko peke yake nakupa kumi sasa hivi. Nina 6119 hapa haina mgongo."

Nimegoma kuuza. Naivaa, inakimbia mbele dakika sita kwa siku. Juzi mama mwenye nyumba kanishika mkono mlangoni, kaigeuza huku na huku.

"Saa nzuri mwanangu. Umenunua shilingi ngapi?"

Nikamwambia nimepewa zawadi.