Je, Wajua? Umbo la kipande huamua kasi ya mkono

Springi zenye ncha wazi zikijazwa katika sanduku hunasana, na fundi hupoteza muda kuzichambua kabla hata hajaanza kuunganisha chochote. Mhandisi Geoffrey Boothroyd, aliyefanya utafiti wake Massachusetts miaka ya 1970, alichunguza jinsi ukubwa na ulinganifu wa kipande unavyobadili muda wa kukishika na kukigeuza. Kanuni aliyoitetea ni hii: kipande kifanane pande zote, na kama haiwezekani, tofauti yake ionekane waziwazi. Laini ya simu ina kona moja iliyokatwa kwa sababu hiyohiyo.

Wapo wasemao kwamba mazoea yatosha. Ni kweli, mkono uliozoea huenda haraka. Lakini mazoea hayafungui springi zilizonasana, wala hayamlindi mtu aliyechoka dhidi ya kipande kinachokubali kuingia kinyume. Wengine huhofia gharama ya kulitoboa tundu la pili bamba lenye tundu upande mmoja tu, ili lifanane pande zote. Gharama ipo, ila kalibu hutengenezwa mara moja, ilhali kusita kwa mfanyakazi hulipiwa katika kila bidhaa. Kwa springi, hutosha kuzifunga ncha.