Kinanda cha Umeme na Mahadhi ya Mashariki

Wako wasemao kwamba kinanda cha umeme kimeiharibu taarabu ya pwani, na wako wasemao kwamba pasi na kinanda hicho harusi hainogi. Mimi naona chombo hicho kinalaumiwa bure na kusifiwa bure. La kuulizwa ni mpigaji: anapotaka kutoa mahadhi ya Kimashariki, je, anajua sauti ya Mashariki inakaa wapi?

Sisi wa pwani masikio yetu yamelelewa na sauti hiyo. Mtoto aliyekulia karibu na msikiti huisikia adhana ya Rasti na ya Hijazi kabla hajaijua alifu wala bee. Wengi wetu tumewasikiza Sheikh Mustafa Ismail na Sheikh Abdul Basit Abdul Samad wa Misri, ambako ni ada ya wasomaji kuanzia Bayati na kumalizia papo hapo. Kisomo si muziki, wala sivichanganyi viwili hivyo. Nasema tu kwamba sikio ni lile lile moja.

Sasa tuangalie kinanda. Baina ya kitufe na jirani yake pana nusu-sauti, na mafundi wameigawa nusu-sauti hiyo senti 100, mfano wa shilingi yetu. Maqamu ya Rasti ikianzia do, noti yake ya tatu, yaani mi, hushuka kiasi cha senti 50, na ya saba, yaani si, hushuka vivyo hivyo. Bayati ikianzia re, mi ndiyo ishukayo. Noti hiyo basi haiko kwenye kitufe cheupe wala cheusi. Iko katika ufa ulio baina yao. Udi huipata kwa kuwa shingo yake haina vigawanyo, fidla kadhalika, nai huipata kwa pumzi na midomo, na ganuni ina vishikizo vidogo vya kupandishia na kushushia nyuzi. Kinanda kilichotoka kiwandani kwa mizani ya Ulaya hakina pa kuitoa.

Ndiyo maana wageni wakitaka kuonyesha jangwa na ngamia katika filamu hukimbilia Hijazi. Ukianzia re, unapiga mi iliyoshuka nusu-sauti, kisha unaruka hadi fa iliyopanda, na vitufe vyote hivyo vipo. Lakini hata hapo fundi wa udi huupunguza kidogo ule mruko, akainyanyua noti ya chini na kuituliza ya juu. Aliyezoea Hijazi ya mkono huitambua ya mashine kwa kuisikia mara moja.

Mjadala huu si mpya. Mwaka 1932 ulifanyika mjini Cairo mkutano mkubwa wa muziki wa Kiarabu, na miongoni mwa mambo yaliyobishaniwa ni kama piano ina nafasi katika muziki huo. Piano zilizoundwa kutoa robo-sauti ziliwekwa mbele ya wajumbe, na wajumbe hawakuafikiana. Umeme nao haukungoja ruhusa. Mwaka 1964 Mohamed Abdel Wahab alimtungia Umm Kulthum wimbo wa Inta Omri na kutia gitaa la umeme ndani yake. Baadaye Magdi el-Husseini akapiga ogani katika kundi la Abdel Halim Hafez. Sinthesaiza zilipoenea, watengenezaji waliwatambua wateja wao wa Kiarabu, wakatoa vinanda ambavyo mpigaji anaweza kushusha noti aitakayo, mi peke yake au mi na si, kisha akairudisha wimbo ukimalizika.

Basi kinanda chaweza. Kinachotakiwa ni mkono. Kwanza, sauti ya kuongoza ipigwe noti moja kwa wakati mmoja, kwani inashika pahala pa mwimbaji mmoja, si pa kwaya. Kidole kisiache kitufe cha kwanza kabla cha pili hakijabonyezwa, na mtelezo uwekwe mfupi, ili noti zishikane kama zishikanavyo kooni. Pili, pana gurudumu la kupindia sauti. Likiwekewa mpaka wa nusu-sauti moja, ukilivuta nusu ya safari yake unashuka senti 50, na hata kinanda kisichojua robo-sauti kitaitoa. Tatu, mtetemo usizaliwe pamoja na noti. Noti itue kwanza, ndipo itikisike.

Ama rangi ya sauti, hiyo hutegemea chombo unachokiiga. Nzumari hutaka wimbi lenye meno ya msumeno, na kichujio kikazwe mpaka sauti itokee puani. Nai hutaka wimbi laini lenye upepo kidogo. Udi huanza ghafla na kufifia upesi. Rizan Said wa Syria, aliyempigia Omar Souleyman kwa miaka mingi, ameonyesha kwamba vidole juu ya kinanda vyaweza kuzitoa sauti kali za zumari za harusi za kwao, na watu wakacheza.

Najua nitajibiwa kwamba taarabu yetu haikutoka Uarabuni peke yake. Ni kweli. Mombasa imeimba mahadhi ya Kihindi kwa raha zote, na tashkota tunayoipenda nayo ina vitufe. Nyimbo kama hizo hazina dai juu ya robo-sauti. Lakini nyimbo za Bayati na Rasti zinalo dai, nazo ni nyingi katika urithi wa Lamu, Mombasa na Unguja.

Harusini nimesikia zaidi ya mara moja mwimbaji akiitoa mi yake ya Bayati kwa haki, na nyuma yake kinanda kikipiga mi ya kiwandani. Sauti mbili hugombana kwa beti moja au mbili, kisha mwimbaji husalimu amri, akaifuata mashine. Hakuna anayegutuka. Hilo ndilo linitialo hofu. Mwimbaji wa leo bado anajua alichokiacha, lakini mwanawe, anayejifunza kwa kumsikiza, atairithi ile mi ya kiwandani na kudhani ndiyo Bayati. Tutakuwa na kizazi kinachoisikia noti hiyo msikitini alfajiri, na jioni hakiwezi kuiimba.

Ushauri wangu kwa vijana wa vinanda ni mwepesi. Kabla ya harusi, mwendee mzee mmoja wa udi, umwombe akupigie Rasti na Bayati taratibu, kisha ushushe mi yako mpaka ikubaliane na uzi wake. Usitosheke na senti 50 za kitabuni, kwani sikio la mzee huenda likataka kidogo zaidi au kidogo pungufu. Kazi hiyo haitakula jioni nzima. Wahenga wamesema mwacha asili ni mtumwa, na utumwa wa kutumikia kitufe ni wa aibu kwa mtu mwenye masikio.