Fahamu: Kamera Iliyositirika na Mng'ao wa Skrini

Tangu ZTE ya China ilipotoa Axon 20 5G mwaka 2020, simu ya kwanza kuuzwa kwa wingi ikiwa na kamera iliyositirika chini ya skrini, wahandisi wamekabiliana na taabu isiyodhihirika upesi, nayo ni nuru. Ndani ya skrini ya OLED mna tabaka za metali ambazo, jua linapozipiga, huurudisha mwanga machoni kama kioo cha kujitazamia. Kwa sababu hiyo hubandikwa juu yake utando maalumu, uigeuzao mikao ya mawimbi ya nuru iingiayo, hata inaporudi isipate njia ya kutokea. Dawa hiyo ni rehema kwa macho lakini ni hasara kwa kamera, kwani utando humeza zaidi ya nusu ya nuru yote. Ndiyo maana Samsung, katika Galaxy Z Fold3 ya mwaka 2021, iliuondoa, ikaweka badala yake vichujio vya rangi vilivyozungukwa na weusi wa kufyonza mwanga wa nje. Naihesabu hatua hiyo kuwa hekima kubwa, ijapokuwa picha za kamera hizo za chini ya skrini zilibaki na ukungu, maana nuru ipenyayo baina ya vitone vya skrini hupindika na kutawanyika kabla ya kuifikia lenzi.